Nyumba ya kuacha pombe: nani anashika ufunguo?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nakivale alikuja kwenye dawati letu la taarifa akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti. Alikuwa amelipa ili kijana wake wa miaka 24 akae miezi mitatu mjini, katika nyumba ambako vijana wanaishi pamoja wakijaribu kuacha pombe. Wiki ya pili alipokwenda kumsalimia, aliambiwa arudi baada ya mwezi. Geti lilikuwa na kufuli, na kitambulisho cha ukimbizi cha kijana kilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba. Mama alituuliza swali moja tu: "Sheria inawaruhusu?"

Hapana, haiwaruhusu. Lakini inafaa kueleza kwa nini, maana wazazi wengi, wakimbizi na wenyeji, wanaamini kwamba mzazi akishalipa na kutia sahihi, basi mtoto anaweza kufungiwa hadi apone.

Hospitali ni hospitali, nyumba ni nyumba

Kuna mahali pa matibabu, penye daktari au muuguzi, dawa na leseni ya afya. Na kuna nyumba ya kuishi pamoja, ambako watu walioacha pombe au dawa za kulevya wanapanga, wanapika na kusaidiana wasirudie. Tanzania wanaziita nyumba za upataji nafuu. Marekani kuna mtandao wa nyumba unaoitwa Oxford House, ulioanza mwaka 1975 huko Silver Spring, Maryland. Humo wakazi wenyewe huchagua viongozi wao, hugawana kodi, na anayerudia kunywa huondoka. Hakuna mlinzi getini. Anayekaa humo amekubali kukaa.

Tatizo linaanza pale nyumba ya kupanga inapojifanya hospitali, au jela. Nchi jirani ya Kenya ina sheria ya mwaka 2012 iliyounda mamlaka ya NACADA na kuipa kazi ya kutoa leseni na kusimamia vituo vya kuwasaidia waraibu. Hapa Uganda, anayetaka kujua haki zake aanze na Katiba ya mwaka 1995.

Ibara ya 23 inasema hakuna mtu atakayenyang'anywa uhuru wake isipokuwa kwa sababu zilizotajwa humo. Moja ya sababu hizo inamhusu mraibu wa dawa za kulevya au pombe, ili apate matunzo au matibabu, au jamii ilindwe. Wenye nyumba wengine wanaposhika kipande hicho hawaendelei kusoma. Ibara hiyohiyo inasema anayezuiliwa lazima awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anazuiliwa. Kijana wa Kivu aliyeelezwa kwa Kiluganda tu bado hajaelezwa. Akiomba, ndugu zake wajulishwe, na aruhusiwe kuonana nao, na daktari na wakili pia. Haki hizi hazikuandikwa kwa ajili ya raia peke yao. Mkimbizi naye anazo.

Kisha kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018. Inahesabu uraibu wa pombe na dawa za kulevya kuwa miongoni mwa matatizo ya afya ya akili. Maana yake ni kwamba kumlaza mtu asiyetaka kuna utaratibu, na utaratibu huo unapita kwa wahudumu wa afya. Haupiti kwa mzazi na mwenye nyumba kukubaliana bei barazani. Kijana wa miaka 24 ni mtu mzima, na sahihi ya mama yake haiwezi kuchukua nafasi ya sahihi yake.

Na kuhusu kupiga, kufunga minyororo au kunyima chakula "ili ajifunze": sheria ya mwaka 2012 inayokataza mateso haiwahusu polisi na wanajeshi peke yao. Inamgusa pia mtu binafsi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15.

Hatari ya siku za kwanza

Tunawaelewa wazazi. Mtu ameuza mbuzi, ameuza simu, ameomba wazee na wachungaji waongee na mtoto, na bado kila jioni analetwa amebebwa. Mbele ya hayo, kufuli linaonekana kama huruma.

Lakini anayekunywa waragi au kanyanga nyingi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kufa. Siku mbili tatu za kwanza mikono inatetemeka, jasho linamtoka, wengine wanapata degedege au wanaanza kuona vitu visivyopo. Hiyo ni kazi ya hospitali, na chumba kilichofungwa kwa nje ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kupitia hali hiyo. Kwa hiyo hospitali kwanza, nyumba baadaye. Anzeni kwenye kituo cha afya cha makazi na mwombe rufaa. Hospitali ya rufaa ya Mbarara ina wodi ya magonjwa ya akili, na Butabika, Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya.

Kabla ya kulipia nyumba yoyote, omba kuona vyumba. Uliza nani analala hapo usiku na amesomea nini. Kama wanatoa dawa, waoneshe leseni ya afya. Uliza kama kijana ataweza kupiga simu nyumbani, na pesa itakuwaje akiamua kuondoka. Waachie nakala ya kitambulisho, kamwe si chenyewe.

Majirani nao wana maswali, na mwenyekiti wa LC1 huyasikia kwanza. Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1995. Mji wa Edmonds, jimbo la Washington, ulikuwa na kanuni kwamba watu wasio ndugu wasizidi watano katika nyumba moja kwenye mtaa wa familia. Oxford House ilikuwa na watu 10 hadi 12. Mahakama ilikataa hoja ya mji kwamba kanuni yake haiguswi na sheria inayokataza ubaguzi katika makazi. Uamuzi huo haufungi mahakama za hapa, ila unasaidia kufikiri. Kelele za usiku na choo kilichojaa ni malalamiko halali. Kwamba jirani aliwahi kuwa mlevi si malalamiko.

Kama ndugu yako amefungiwa sasa hivi, nenda polisi na umwone afisa wa ulinzi wa makazi siku hiyohiyo. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi Mbarara, inapokea malalamiko, na Katiba inaipa uwezo wa kuamuru mtu aachiliwe.

Mama wa Nakivale alirudi kule mjini siku ya nne akiwa na afisa wa ulinzi na polisi. Geti lilifunguliwa na kitambulisho kikarudishwa. Pesa zake bado anazidai. Kijana alipelekwa hospitali, na sasa kinachotafutwa ni nyumba ya kuhamia akitoka, ambayo ufunguo atakaa nao yeye.