Kabla hujaweka Windows ya majaribio kwenye kompyuta ya kazi

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakazi wengi, hasa wenye saiba na makarani wa vyama vya ushirika, wamekuwa wakiuliza: je, ni kweli mtu anaweza kupata toleo jipya la Windows bila malipo kabla halijatoka rasmi? Na akilipata, ni halali kulitumia?

Ni kweli, na ni halali. Ila kwanza jiulize kompyuta unayotaka kuliweka ina nini ndani.

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoamka pamoja na kompyuta na kusimamia nyingine zote, kuanzia kibodi hadi printa. Hakuna kampuni inayoweza kuujaribu kwenye kila aina ya mashine iliyoko duniani. Kwa hivyo huwapa watu wa kawaida toleo ambalo halijakamilika, walitumie na kuripoti makosa. Zamani hata ulilipia: kabla ya Windows 95 kutoka mwezi Agosti 1995, toleo la majaribio liliuzwa Marekani kwa takriban dola 20. Siku hizi ni bure. Mpango uitwao Windows Insider ulianza mwaka 2014, na Windows 10 yenyewe ilijaribiwa humo kwa miezi kadhaa kabla ya kutolewa rasmi tarehe 29 Julai 2015. Yeyote mwenye akaunti ya Microsoft anaweza kujisajili, mradi Windows iliyo kwenye kompyuta yake ni halali. (Hapo wengi wetu tunajijua.)

Mpango huu una ngazi. Ile ya Release Preview hupata toleo lililokaribia kutolewa na ndiyo tulivu zaidi. Ngazi kama Canary hupata mambo mabichi kabisa, na ukishaingia huko huwezi kurudi kwenye toleo la kawaida bila kufuta kila kitu na kuweka Windows upya.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba toleo la majaribio lina tarehe ya kuisha. Usipolisasisha kwa wakati, huanza kwa kukuonya, kisha kompyuta hujizima na kujiwasha kila baada ya saa chache, na mwishowe hukataa kuwaka. Masasisho yenyewe yanaweza kuwa ya gigabaiti kadhaa. Anayetegemea bando la siku afanye hesabu mapema.

Wenye kompyuta za mitumba, zile tunazoziita ex-UK, wana tahadhari ya ziada. Majaribio ya Windows 11 yalipoanza mwezi Juni 2021, baadhi ya kompyuta ambazo hazikutimiza masharti ya mfumo huo ziliruhusiwa kushiriki kwa muda. Toleo rasmi lilipokaribia, wenye kompyuta hizo waliambiwa warudi Windows 10, na njia ilikuwa kuiweka upya kuanzia mwanzo. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta isiyofikia kiwango hicho haitaokolewa na toleo la majaribio.

Sasa turudi kwenye kilicho ndani ya kompyuta. Kwenye saiba kuna nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na PIN za KRA ambazo wateja walikuja kuchapisha. Kujiunga na Windows Insider kunakutaka ukubali kompyuta itume kwa Microsoft taarifa nyingi zaidi kuhusu inavyofanya kazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi taarifa za watu azilinde, ziwe kwenye seva kubwa au kwenye kompyuta moja karibu na stendi. Mashine ya aina hiyo si ya kujaribia, hata kama ndiyo pekee uliyo nayo.

Ikiwa bado unataka kujaribu, tumia kompyuta ya akiba. Nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, uichomoe, kisha uifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimo. Baada ya kuweka toleo jipya, jaribu vitu vya kazi kabla ya kufurahia rangi na vitufe: printa, skana, kuingia eCitizen na iTax.

Njia isiyo na hatari kubwa ni Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaotolewa kila Aprili na Oktoba, na toleo lake la majaribio hupatikana wiki chache kabla. Unaunakili kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na kuutumia bila kuusakinisha kwenye diski yako. Ukiona haukufai, unazima na kuchomoa. Angalia tu usibonyeze kitufe cha kusakinisha.

Je, ripoti ya mtu mmoja kutoka hapa kwetu ina maana yoyote? Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kusambaza sasisho kubwa la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha. Baadhi ya watu walikuwa wamefungua folda zao na kukuta hati na picha zimefutwa. Kampuni ilisema ripoti za aina hiyo zilikuwa moja tu kwa kila usakinishaji 10,000. Muulize yule mmoja. Sasisho hilo lilirejea tarehe 13 Novemba. Baya zaidi ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakilijaribu walikuwa wameripoti kosa hilo kabla halijatolewa, lakini ripoti zao zilizama kwa kuwa wachache waliziunga mkono. Baadaye Microsoft iliongeza kwenye Feedback Hub, programu ya kuripotia, mahali pa kueleza uzito wa tatizo.

Pajaze. Andika aina ya kompyuta yako na ulichokuwa ukifanya tatizo lilipotokea. Na kama kuna faili iliyopotea, itaje katika sentensi ya kwanza.