Uzito wa Mzigo: Maelezo juu ya Kikuza Sauti na Spika Zake

Mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, ulipata sifa kwa bendi zake mbili: Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah hadi alipofariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa hadi mwaka 1973. Gitaa la umeme halisikiki ukumbini pasipo chombo cha kuikuza sauti yake. Makala hii yakusudia kukieleza chombo hicho, kwa kuwa neno "kipaza sauti" hutumika ovyo kwa kile akishikacho mwimbaji na pia kwa kile kitoacho sauti. Hapa cha kwanza nitakiita maikrofoni, cha pili spika, na kilicho kati yao kikuza sauti.

Spika ndiyo mzigo wa kikuza sauti, na mzigo huo hupimwa kwa omu. Neno hili lataka uangalifu. Kwa mchukuzi ateremshaye kapu la mboga kutoka Mgeta, kilo zikizidi, mzigo huzidi uzito. Kwa spika ni kinyume: omu zikipungua, mzigo huwa mzito zaidi, kwani omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme, izuiapo kidogo, mkondo mwingi hupita.

Tuchukue kikuza sauti kitoacho volti 20. Spika moja ya omu 8 hupitisha ampea 2.5, yaani wati 50. Ukiiongeza ya pili sambamba nayo, jumla huwa omu 4, ampea 5 na wati 100. Mtu aweza kudhani kwamba spika ya pili imepunguza kazi. Kumbe imeiongeza maradufu. Lakini zikifungwa kwa kufuatana huwa omu 16, na mkondo hushuka hadi ampea 1.25.

Tena, omu 8 zilizoandikwa ni kadirio tu. Spika hiyohiyo yaweza kushuka hadi omu 6 katika sauti fulani, na kupanda mara kadhaa katika sauti nzito. Kwa hiyo fundi aundaye kikuza sauti cha transista hukipa ugavi wa umeme wa kutosha, bati la kupoza, na kinga ya kuuzuia mkondo unaozidi. Cha valvu hupewa transfoma yenye matoleo ya omu 4, 8 na 16, ili kila mzigo upate mahali paufaapo. Hatari ya hiki ni nyingine: kikipigwa kwa nguvu bila spika, volteji hupanda na yaweza kuiunguza transfoma.

Basi, watungao kamusi za ufundi wasitosheke kuandika "mzigo" pasipo maelezo. Waseme wazi kwamba mzigo mzito ni wa omu chache. Fundi asomaye asipoambiwa hivyo, atafuata maana ya kapu la Mgeta, na chombo chake kitaungua.