Daftari la wapiga kura likihamia mtandaoni, nani atalipa?

Ukitaka kujua huduma ya serikali mtandaoni inamgharimu mwananchi kiasi gani, usianzie Kampala. Pita Kakoba, mjini Mbarara, kwenye maduka ya stationari yanayowahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bishop Stuart na majirani zao. Ndani utakuta kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya kulamineti na kijana anayejua kujaza fomu. Ombi la pasipoti hujazwa hapo. Namba ya mlipa kodi huombwa hapo. Karatasi ya malipo ya Mamlaka ya Mapato (URA) huchapwa hapo, mteja akaipeleka benki. Fomu haiuzwi, ila kijana hafanyi kazi bure, na wala hapaswi.

Kujiandikisha kupiga kura bado hakujaingia kwenye biashara hiyo. Tume ya Uchaguzi ya Uganda inakuruhusu kutazama taarifa zako mtandaoni, basi. Zoezi la kuboresha daftari lililoanza 20 Januari 2025 lilifanyika parishi kwa parishi, na aliyetaka kuhamisha kituo alilazimika kufika mwenyewe. Mwanafunzi anayesoma Kakoba na kupiga kura wilayani Isingiro anaijua nauli ya safari hiyo.

Kwa hiyo swali la kuhamishia daftari mtandaoni linarudi kila msimu, na wanaolipigia debe hutaja akiba. Mfano wao mkubwa ni Arizona, jimbo la kwanza Marekani kufungua uandikishaji wa mtandaoni, mwaka 2002. Katika kaunti ya Maricopa, fomu ya karatasi iligharimu senti 83 kuishughulikia. Ya mtandaoni, senti 3. Hesabu hiyo inavutia, lakini Arizona tayari ilikuwa na saini ya kila dereva kwenye kumbukumbu za leseni. Gharama kubwa ilishalipwa zamani, kwa fungu jingine.

Uganda nayo imeshalipa. Uandikishaji mkubwa wa ndangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, ulianza 2014, alama za vidole zikachukuliwa, na daftari la uchaguzi wa 2016 likachotwa humo. Mei 2025 NIRA, mamlaka ya vitambulisho, ikaanza tena kuandikisha na kuhuisha kadi nchi nzima. Mlipa kodi anayetajiwa mfumo mpya wa wapiga kura ana haki ya kuuliza: vidole vyangu mmevinunua mara ngapi?

Mpango wa uchaguzi wa 2026 ulikadiriwa kugharimu zaidi ya shilingi trilioni 1.3. Ukizigawa kwa wapiga kura wapatao milioni 21.6, ni zaidi ya shilingi 60,000 kwa kila mmoja, kabla hata hajasimama foleni. Siku yenyewe, 15 Januari, mashine za kuhakiki vidole zikagoma katika vituo vingi, Tume ikaagiza daftari la karatasi litumike. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu siku mbili nyuma. Serikali inayozima mtandao wiki ya kura ina kazi ya ziada kumshawishi mtu aweke jina lake humo.

Majirani wamepita njia hii. Mwaka 2012 Kenya ilinunua takriban vifaa 15,000 vya kielektroniki kwa mkopo ulioungwa mkono na serikali ya Kanada. Vikaandikisha watu milioni 14.3 kwa siku 30. Machi 2013 mashine za kuwatambua wapiga kura zikaishiwa chaji vituoni. Tanzania imekuwa na mkono mwangalifu zaidi: katika uboreshaji uliozinduliwa Kigoma Julai 2024, aliyekwisha kuwamo daftarini aliweza kuanza kubadilisha taarifa zake kwa simu, kisha akaenda kituoni kumalizia. Vituo havikufungwa, lakini kazi ya kujaza ilipungua.

Somo la karibu zaidi liko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza 1958 katika wilaya ya Isingiro. Mkimbizi hapigi kura ya Uganda; huchagua viongozi wa mabaraza ya wakimbizi tu. Mkongomani wa pale hakupata hata kura ya kwao Desemba 2023, kwa sababu Kongo iliandikisha raia wake walio nje katika nchi tano, na Uganda haikuwamo. Hata hivyo wakimbizi ndio walioonyesha daftari safi linaokoa nini. Mwaka 2018, baada ya kashfa ya majina hewa, serikali na UNHCR walihakiki kila mtu kwa vidole na mboni za macho. Hesabu ya wakimbizi nchi nzima ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Hayo ni majina laki tatu yaliyokuwa yakihesabiwa kwenye mgao wa misaada. Watu walipanga foleni, ana kwa ana; tovuti peke yake isingeyafuta majina hayo.

Maoni yangu ni kwamba Uganda haihitaji kununua mfumo mwingine. Bunge liitake Tume ianze na kuhamisha kituo kwa simu kwa mwenye ndangamuntu, itumie data ambazo NIRA inazo, na iache dawati la parishi wazi kwa asiye na simu. Na kwa kuwa data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ukurasa wa kujiandikisha ufunguke bila bando. Vinginevyo akiba itakayotangazwa Kampala italipwa Kakoba, kwenye kaunta ya stationari.