MABAKI YA URANI SI MCHANGA WA KUJENGEA

Ukisaga mahindi unapata unga. Pumba zinabaki, unawapa kuku. Mgodi wa urani nao una kinu chake na pumba zake. Lakini pumba za urani ni hatari.

Urani hutumika kutengeneza umeme wa nyuklia. Imo ndani ya mawe. Katika migodi mingi, tani moja ya mawe hutoa kilo moja au mbili tu za urani. Mawe husagwa, kisha urani hutolewa kwa tindikali. Matope yote yanayobaki huwekwa katika bwawa kubwa.

HATARI IKO WAPI?

Urani hutoa mionzi. Mionzi haionekani kwa macho, wala haina harufu. Ikiupata mwili kwa wingi, huweza kuleta saratani.

Watu wengi hudhani kwamba urani ikiondolewa, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za mionzi ya mawe, kama sehemu 85 hubaki katika matope. Humo mna radiamu. Nguvu ya radiamu hupungua kwa nusu tu baada ya miaka 1,600. Tena radiamu hutoa gesi iitwayo radoni. Mtu akivuta radoni nyingi kwa miaka mingi, anaweza kupata saratani ya mapafu.

BWAWA LILIPOBOMOKA

Huko Church Rock, nchini Marekani, wanaishi watu wa kabila la Navajo. Wengi wao walikuwa wafugaji wa kondoo. Jirani yao palikuwa na kinu cha urani na bwawa la matope. Nyufa zilionekana katika tuta la bwawa hilo, lakini liliendelea kutumika.

Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1979 tuta lilibomoka. Lita kama milioni 350 za maji ya tindikali ziliingia katika mto Puerco, pamoja na matope tani 1,000 hivi. Sumu ilisafiri zaidi ya kilometa 100. Wafugaji walionywa wasinyweshe mifugo mtoni. Mwaka 2005 Wanavajo walipiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yao.

TUFANYE NINI?

Nchini kwetu urani ipo Namtumbo, mkoani Ruvuma. Ipo pia Bahi na Manyoni. Basi ndugu wananchi, tushike haya:

1. Usichukue mawe wala mchanga wa mgodi kujengea nyumba. Baadhi ya Wanavajo walifanya hivyo, wakalala na mionzi ndani.

2. Usiteke maji wala kunywesha mifugo katika bwawa la matope. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi urani.

3. Ukifanya kazi mgodini, oga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Vumbi la nguo zako litawafikia watoto.

4. Ukiona ufa katika tuta, au maji yanavuja, toa taarifa kwa serikali ya kijiji siku hiyo hiyo. Kazi ya kupima mionzi ni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Ombeni ije ipime, tena iwasomee majibu mkutanoni.

Mgodi huleta kazi na fedha. Lakini siku moja utafungwa, na matope yatabaki kijijini. Kwa hiyo ulizeni mapema katika mkutano wa kijiji: Wachimbaji wakiondoka, nani atalitunza bwawa hili? Na fedha za kulitunza zimewekwa wapi?