Goti limelika upande mmoja: je, ni lazima libadilishwe lote?

Ndugu msomaji, katika misikiti mingi siku hizi utaona viti vimepangwa pembeni mwa safu. Wengi wanaovikalia ni wazee wetu ambao magoti hayawaruhusu tena kusujudu. Nyumbani nako wapo akina mama ambao kuchuchumaa jikoni au chooni kumekuwa ni adhabu. Wengine wameambiwa na daktari kuwa goti lao linahitaji upasuaji, wakakimbia kwa kudhani kwamba mguu utakatwa. Leo tuzungumzie upasuaji wa kubadili sehemu ya goti: ni nini, unamfaa nani, na nyumba ijiandae vipi kumpokea mgonjwa.

Goti lina sehemu tatu

Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na muundi, na mbele yake ipo pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe na laini kama kile unachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Madaktari huligawa goti katika sehemu tatu: upande wa ndani, upande wa nje, na sehemu ya mbele nyuma ya pia.

Umri unapokwenda, au uzito ukizidi, au goti likiwa liliumia zamani kwa mpira au ajali ya pikipiki, gegedu hulika. Kazi nzito nazo huchangia. Mkulima wa pamba wa Bunda anayeinama shambani msimu mzima, au mchukuzi anayebeba magunia mwaloni Mwigobero, magoti yake yamefanya kazi kubwa. Mara nyingi upande wa ndani ndio unaotangulia kulika, na mguu huanza kupinda kama matege.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Kwetu kila goti linalouma huitwa baridi yabisi. Lakini baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vingi kwa pamoja. Gauti nayo ni ugonjwa mwingine, na kulika kwa gegedu ni ugonjwa mwingine tena. Tiba zake hazifanani. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto na mgonjwa akapata homa, huenda ni usaha ndani ya kiungo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kisu

Si kila goti lililolika linahitaji kisu. Wengi hupata nafuu kwa kupunguza uzito, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kutembelea fimbo. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili. Kama goti bovu ni la kulia, shika fimbo kwa mkono wa kushoto.

Kuna hatari moja inayowapata wengi kimya kimya. Mtu hununua diklofenaki duka la dawa na kuimeza kila siku kwa miaka. Dawa hii na ndugu zake zinaweza kutoboa vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Unaweza kulitibu goti ukapoteza figo. Zitumike kwa maelekezo ya daktari na kwa muda maalumu.

Upasuaji wenyewe

Tiba hizo zikishindwa, na maumivu yakamnyima mtu usingizi na kutembea, ndipo upasuaji huzungumzwa. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni kubadili goti zima, ambapo nyuso zote za kiungo huvishwa chuma na plastiki maalumu. Wa pili ni kubadili sehemu moja tu, ile iliyolika, na kuziacha nyingine kama Mwenyezi Mungu alivyoziumba. Katika aina zote mbili mguu haukatwi. Kinachoondolewa ni uso mwembamba wa mfupa ulioharibika.

Upasuaji wa sehemu moja si mgeni duniani. Goti maarufu la aina hii lilibuniwa Oxford, Uingereza, na daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor katika miaka ya 1970. Kidonda chake huwa kidogo, mgonjwa hupona mapema zaidi, na wengi husema goti linakuwa kama lao wenyewe.

Lakini halimfai kila mtu. Ugonjwa uwe umekaa sehemu moja tu. Kano za ndani ya goti zinazoshikilia mifupa ziwe nzima. Goti liwe bado linakunjika vizuri, na mgonjwa asiwe na baridi yabisi ile ya viungo vingi. Ndiyo maana picha ya eksirei ipigwe ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mifupa huachana na ugonjwa huweza kujificha.

Je, lipi bora? Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 528, matokeo yake yakatolewa mwaka 2019, ulionesha kuwa baada ya miaka 5 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu inayokaribiana. Mwaka huo huo, uchambuzi uliotumia kumbukumbu za Australia na Finland ulikadiria kwamba baada ya miaka 25, magoti yaliyobadilishwa yote yanayoendelea kufanya kazi ni kama 8 katika kila 10, na yaliyobadilishwa sehemu moja ni kama 7 katika kila 10. Hivyo aliyebadilishwa sehemu ajue kwamba huenda siku moja akarudi kubadilishwa lote. Hiyo ndiyo bei ya kupona haraka na kubaki na sehemu nzima za goti lako.

Kwa mkazi wa Mara, njia nzuri ni kuanzia hospitali ya wilaya, Bunda au Butiama, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, mjini Musoma. Kutoka hapo rufaa huweza kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Kabla ya kukubali, muulize daktari: ugonjwa wangu uko sehemu ngapi? Upasuaji wa sehemu moja unafanyika hapa, na umeshaufanya mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipa nini? Mazoezi ya viungo nitayafanyia wapi nikirudi nyumbani? Si utovu wa adabu kuuliza.

Mwenye kisukari ashushe kwanza sukari yake, na mvuta sigara aache, kwani vyote viwili huchelewesha kidonda. Jino bovu, jipu au kidonda chochote mwilini kitibiwe kabla, maana vijidudu vikifika kwenye chuma ni vigumu kuviondoa.

Kupona ni kazi ya nyumba nzima

Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni. Siku hiyo hiyo au kesho yake mgonjwa husimamishwa na kutembezwa kwa magongo. Ndugu wasishangae wala kumzuia kwa huruma. Anayelazwa kitandani kwa kuonewa huruma huganda goti, na damu yake huweza kuganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu na kumuua. Akipata maumivu makali ya ndama ya mguu na uvimbe, au kifua kumbana na pumzi kukatika, ni dharura.

Safari nayo ipangwe. Kutoka Dar es Salaam hadi Musoma kwa basi ni zaidi ya kilometa 1,000. Mgonjwa asipakiwe basi siku anayotoka hospitali bila ruhusa ya daktari. Akiruhusiwa, achezeshe nyayo njiani, anywe maji, na ashuke kutembea kila basi linaposimama. Safari ndefu ya ndege, kama ya Umra au Hijja, kwa kawaida hushauriwa ingoje miezi mitatu.

Nyumbani mtayarishieni kitanda kisicho cha chini sana na kiti chenye mikono. Choo cha kuchuchumaa hakitamfaa. Fundi anaweza kutoboa kiti cha mbao na kukiweka juu ya tundu. Ondoeni mikeka na majamvi yanayoteleza. Kidonda kiwe kikavu, kisipakwe mafuta, majani wala samli. Kikitoa usaha au wekundu ukienea, rudini hospitali.

Mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti hufanywa kila siku, mara kadhaa. Wengi huacha magongo kati ya wiki ya 3 na ya 6, na kazi nyepesi hurudi baada ya hapo. Uvimbe na ujoto kidogo huweza kubaki miezi kadhaa. Nafuu kamili huweza kuchukua hadi mwaka.

Na swala je?

Hili ndilo swali la wengi. Goti halimo katika viungo vya udhu, kwa hiyo bandeji yake haizuii udhu. Kaa juu ya stuli, na mtu akusaidie kumimina maji miguuni. Kwa josho la janaba kidonda kikiwa bado kibichi, muulize sheikh wako kuhusu kupangusa juu ya bandeji au kutayamamu.

Dini yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Basi wiki za mwanzo aswali juu ya kiti, asujudu kwa kuinama zaidi ya rukuu. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, ajaribu kupiga magoti juu ya mto laini. Wapo wanaorudi kusujudu chini. Wapo wanaohisi ganzi au maumivu na kubaki kwenye kiti. Kukaa attahiyatu juu ya unyayo kunahitaji goti likunjike kabisa, na wengi hawalifikii hilo. Mwambie daktari mapema kuwa unaswali chini, ili akueleze goti lako linaweza kufika wapi.

Na mama anayeona haya kufunua goti mbele ya daktari mwanamume, ajue kuwa dharura ya tiba ina ruhusa yake katika sheria. Aombe muuguzi wa kike awepo, lakini asiache kutibiwa.

Ewe mwenye mzazi anayejikokota, usimwambie ni uzee tu. Mpeleke akapigwe picha, akiwa amesimama. Wallahu a'alam.