Vijana waliorudi: dawa moja haitibu wote
Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

VITA vilivyoanza Burundi mwaka 1993 viliua watu wapatao 300,000. Bunduki zilinyamaza, lakini kiwewe kilibaki ndani ya watoto. Je, shule inaweza kuwatibu?

Swali hilo lilichunguzwa na mtafiti Wietse Tol na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2014. Walifuatilia watoto na vijana 329 wa miaka 8 hadi 17. Baadhi walipewa vipindi 15 vya michezo, maigizo na mazungumzo shuleni. Wengine walisubiri zamu yao. Kwa jumla, tofauti haikuonekana.

Hata hivyo, hali ya nyumbani ilipozingatiwa, mambo yalibadilika. Waliohudhuria huku wakiishi na wazazi wote wawili walipungukiwa na kiwewe na sonona, yaani ile huzuni isiyokwisha. Wa kaya kubwa nao walipata nafuu. Lakini miongoni mwa walioishi kwenye ardhi ya asili ya familia au iliyonunuliwa karibuni, waliosubiri ndio walioongezeka matumaini. Waliohudhuria walirudi nyuma.

Kwa familia zilizorejea, hili si jambo dogo. Wengi waliokimbia mwaka 1972 walirudi na kukuta mashamba yao yana watu wengine, hata serikali ikaunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006. Waliotoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo mwaka 2008 na 2009 walikuja na watoto waliosoma kwa Kiswahili, nao wakakuta madarasa ya Kirundi na Kifaransa. Kijana wa namna hiyo na jirani yake asiyewahi kuhama hawabebi mzigo mmoja.

Jijini Bujumbura, kituo cha vijana cha Kamenge kilikusanya Wahutu na Watutsi wa mitaa ya kaskazini hata vita vilipopamba moto, na mwaka 2002 kilitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Kukaa pamoja kunasaidia, ila hakumalizi kesi ya shamba.

Mzazi unayefanya biashara Kobero au Uvira, kabla ya kusafiri hakikisha mtoto anajua anabaki na nani na unarudi lini. Mwalimu naye aulize kwanza: kijana huyu analala wapi, kwa nani, na kwenye ardhi ya nani?