Je, Wajua? Goti la Refa

Je, wajua ya kuwa refa aliyepasuliwa goti na kuungwa kano, hata akijaaliwa kuitupa mikongojo na kusafiri kwa basi toka Makambako hadi Njombe pasi na maumivu, huwa bado yu mbali na filimbi? Matabibu aghalabu humtaka asubiri takriban miezi 9. Kisha humkabili mtihani wa mbio ambao FIFA imewawekea waamuzi wake: mita 40 kwa kasi mara 6, halafu kukimbia 75 na kutembea 25, mara 40, yaani kilomita 4 tamamu. Na Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako baridi ya Juni hukaza hata magoti mazima, mtihani huo si mchezo. Enyi mashabiki wa uwanja wa Sabasaba, refa akichelewa kuufikia mpira, msifanye haraka kumzomea.